Kurudi baada ya sikukuu: waache wakutangulie

Juzi msomaji mmoja kaniandikia ujumbe: "Dada, sikukuu ndiyo hizo zimekwisha, kesho kutwa narudi na watoto, na dereva ni mimi peke yangu. Nitoke saa ngapi ili nikwepe foleni?" Nikamjibu kwamba foleni ya siku hizo haikwepeki, aangalie kwanza atalala saa ngapi. Akashangaa usingizi umeingiaje hapo. Nikaona jibu hili linataka nafasi, maana mimi mwenyewe nimetoka huko wiki iliyopita na bado ninalo la kusema.

Kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti hata kama barabara ni ile ile. Wakati wa kwenda watu hutawanyika: mwenye likizo ndefu katangulia, aliyebanwa na kazi kafuata. Kurudi, wote tunatakiwa kazini siku moja na watoto shuleni siku moja, basi tunamwagika barabarani kwa pamoja, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyepata akili ya kutoka alfajiri.

Sisi tulikuwa magari mawili, la shemeji yangu mbele, langu nyuma. Mume wangu haendeshi, kwa hiyo usukani ulikuwa wangu mwanzo mwisho. Niliamka saa kumi na moja alfajiri ili tuondoke saa kumi na mbili. Tuliondoka saa tano. Hapo katikati sisimulii; aliyewahi kuaga ukoo mzima anajua.

Mchana ulipita salama. Jioni tukakuta magari yamesimama kadiri macho yanavyofika. Gia ya kwanza, klachi, breki, gia ya kwanza tena. Mwanangu wa mwisho aliamua kupiga teke mgongo wa kiti changu kila gari liliposogea, kama vile yeye ndiye anayelisukuma. Nikajipa moyo kwamba huko mbele kuna ajali, au lori limeharibika, au barabara inatengenezwa. Baada ya muda mrefu njia ikafunguka, na hapakuwa na kitu. Hata kipande cha kioo hakikuwepo. Nilikasirika kuliko ningekuta lori limelala.

Kumbe jambo hilo limeshachunguzwa. Watafiti wa Japani walitoa matokeo yao mwaka 2008: waliweka magari 22 kwenye njia ya mviringo ya mita 230, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja tu, kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna shimo. Haikupita muda magari yakaanza kusimama. Mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma yake anapunguza zaidi, anayefuata anakanyaga breki, na msimamo ule unarudi nyuma kama wimbi. Foleni ilizaliwa na madereva wenyewe.

Tangu niyajue hayo naacha nafasi mbele yangu, hata kwenye foleni. Nasogea taratibu, sikimbilii kila upenyo ili nikanyage breki tena. Ndiyo, watu watachomekea. Wachomekee. Shemeji alinipigia simu, mume wangu akapokea na kuweka spika, nikamsikia shemeji: "Mwambie shemeji awabane hao, mbona anawafungulia njia?" Sikujibu. Nilikuwa natazama geji ya joto.

Maana mshale ulikuwa unapanda. Gari lililojaa watu na mizigo, limesimama juu ya lami yenye moto, linapata upepo wa feni tu. Nilizima kiyoyozi, nikashusha vioo vyote, nikafungulia hita hadi mwisho. Mume wangu alidhani nimepagawa, watoto wakalia joto, lakini ile hita inanyonya joto la injini na kulileta ndani, na mshale ukashuka. Usiposhuka, kaa pembeni, zima injini, subiri. Mfuniko wa rejeta usiuguse ukiwa wa moto. Maji yale yakiruka yanababua uso.

Sasa tuje saa nne usiku, ambapo ndipo nilipotaka kufika. Barabara ilikuwa imefunguka, gari linateleza vizuri, watoto wamelala. Nikapita kibao kikubwa cha njia, na nilipojiuliza kimeandikwa nini, sikuwa na jibu. Nikahesabu: kuamka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 17. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kazi kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, na ziko nchi nyingi ambako kwa kiasi hicho unashushwa kwenye gari. Ukisinzia sekunde nne tu ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, gari limekwenda mita 111 bila dereva. Huo ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira.

Nikampigia shemeji: mimi naingia kituo cha mafuta, nalala. Akacheka. "Shemeji, zimebaki saa mbili tu! Fungua dirisha, weka muziki." Dirisha na muziki! Vitu hivyo vinakuchangamsha dakika chache, usingizi wenyewe uko pale pale. Nilikunywa kahawa upesi, nikafunga milango, nikalaza kiti, kwa sababu kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi na usingizi mfupi unaitangulia vizuri. Nilipoamka bado kichwa kizito. Nikalala tena hadi kulipokucha.

Tulifika saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa amefika tangu usiku wa manane, na kwenye kundi la familia kulikuwa na picha yake, miguu juu ya meza, maneno chini: "Wengine bado wako kituo cha mafuta." Vicheko hivyo hadi leo vinaendelea. Mume wangu naye aliweka kimoja, nimekiona.

Na Mungu anisamehe, kinachoniuma ni kwamba hakupatwa na lolote. Angepasua hata tairi ningekuwa na hoja. Lakini kufika salama hakuthibitishi kwamba uliendesha salama. Kunathibitisha kwamba umefika. Wangapi tunawasifu kwa bahati tukaiita uhodari?

Wapendwa, tuache ushujaa wa usukani. Dereva wa lori katika Umoja wa Ulaya, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, sheria inamtaka apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Wewe unayeshika barabara kuu mara chache kwa mwaka una nini asichokuwa nacho? Pumzika. Anayekusubiri atasubiri. Anayekucheka atachoka. Pumzika, nasema tena, na usimuombe ruhusa aliye kwenye gari lingine.

Wewe uliyeniandikia: kama kazi inaanza Jumatatu, usirudi Jumapili ukiweza kurudi Ijumaa, na ruhusa ya siku moja iombe kabla hujaondoka. Upepo wa matairi upime asubuhi kabla gari halijatembea, na ujaze kwa kipimo cha gari lenye mzigo. Mara nyingi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Maji na nguo za kubadili watoto visiende kwenye buti chini ya mabegi, viwe karibu na mkono. Shemeji ameshaniuliza kama tutaongozana tena sikukuu zijazo. Nimemwambia atangulie.