Jina la Mhusika wa Kirumi: Amua Kwanza Hadhi Yake na Mwaka Wake

Mwandishi anayetunga hadithi ya Roma ya kale hushawishika kuokota majina mawili matatu yenye mlio wa Kilatini, akayaunganisha, kisha akaendelea na kisa chake. Mimi, katika kuandika hadithi za aina hiyo, nimezoea kuliacha jina hadi mwisho, kwa sababu jina la Mrumi lilitangaza hadharani kama mwenye nalo ni raia au mtumwa, ametoka ukoo gani, na wakati mwingine ni nani aliyempa uhuru wake. Kabla ya kuchagua ninajiuliza mambo mawili: mtu huyu ana hadhi gani, na kisa kinatukia mwaka gani?

Raia mwanamume wa karne ya kwanza KK alikuwa na jina la kwanza, jina la ukoo na, mara nyingi, lakabu, kama vile mwanasiasa Marcus Tullius Cicero. Jina la kwanza halibuniwi. Zama za Cicero majina ya kwanza yaliyotumika kwa kawaida yalikuwa 18 hivi, na wanaume wengi waligawana Lucius, Gaius, Marcus, Publius na Quintus. Koo kubwa nazo zilikuwa na miiko yake: Claudii waliliacha jina Lucius, na Manlii wakakoma kuwaita watoto wao Marcus baada ya Marcus Manlius Capitolinus kuuawa mwaka 384 KK kwa tuhuma za kutaka ufalme. Kwa jina la ukoo, ninashauri kuwaepuka Julius, Claudius na Cornelius, isipokuwa kisa chenyewe kinawahitaji, maana msomaji ataanza kutafuta undugu na Kaisari ambao haupo. Vettius, Vibius, Rutilius na Caecilius ni majina halisi yasiyobeba mzigo huo.

Lakabu ndiyo inayompa mwandishi nafasi ya kucheza. Nyingi zilianza kama utani: Cicero inatokana na dengu, Naso na pua, Crassus na unene. Hata hivyo zilirithiwa, kwa hiyo Crassus wako anaweza kuwa mwembamba kama ufito bila mtu yeyote kushangaa. Wala lakabu si lazima, kwani Gaius Marius na Marcus Antonius hawakuwa nayo. Mimi huitegemea zaidi kwa kutatua tatizo la baba na mwana, kwa sababu mwana wa kwanza aghalabu alipewa jina la baba yake, na mtoto wa Cicero naye aliitwa Marcus Tullius Cicero. Katika masimulizi ninamwita baba kwa lakabu na mwana kwa jina la kwanza, jambo ambalo halimchanganyi msomaji na bado linaendana na desturi ya nyumbani kwao.

Kwa wanawake, waandishi wengi hukosea kwa ukarimu. Binti alichukua jina la ukoo wa baba katika umbo la kike, basi: binti wa Cicero ni Tullia, na mabinti wawili wa Marcus Antonius kwa Octavia waliitwa Antonia wote wawili, wakitofautishwa kwa Mkubwa na Mdogo. Mke hakuchukua jina la mume. Terentia, mke wa Cicero, alibaki Terentia. Ukihitaji mwanamke mwenye majina mawili, sogeza kisa chako hadi enzi ya makaisari, wakati lakabu za wanawake zilipoenea. Barua moja iliyoandikwa karibu mwaka 100 BK na kupatikana Vindolanda, Uingereza, ni ya Claudia Severa akimwalika Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa, na majina kama hayo yanafaa sana kuigwa.

Penye utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwa watumwa na walioachwa huru. Mtumwa alikuwa na jina moja, mara nyingi la Kigiriki hata kama hakuzaliwa Ugiriki: Eros, Hermes, Onesimus. Alipoachwa huru na raia, alichukua jina la kwanza na la ukoo la bwana wake, na jina lake la utumwa likawa lakabu. Hivyo Tiro, katibu wa Cicero, aliyeachwa huru mwaka 53 KK, akawa Marcus Tullius Tiro. Aliyeachwa huru na mwanamke alichukua jina la kwanza la baba wa huyo bibi, na ndiyo maana walioachwa huru na Livia, mke wa Kaisari Augusto, walijiita Marcus Livius. Kule Pompeii nyumba maarufu ya akina Vettii inahusishwa na Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, na kufanana kwa majina yao kunaelekea kuonyesha kwamba walitoka kwa bwana mmoja. Hapo pana riwaya nzima kabla hujaandika hata sura ya kwanza.

Raia wapya walifuata kanuni iyo hiyo. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanamkumbuka jemadari Klaudio Lisia, aliyemwambia Paulo kwamba uraia wake aliununua kwa fedha nyingi: Lisia ni jina lake la Kigiriki, na Klaudio yaelekea alilipata kwa kaisari Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54 BK. Mhusika wa namna hiyo akitokea mwaka 80, mpe Titus Flavius badala yake, kwa kuwa watawala wa wakati huo walikuwa Flavii.

Mwaka 212 kaisari Caracalla, ambaye jina lake rasmi la ukoo lilikuwa Aurelius, aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola, na wengi wakawa Aurelius au Aurelia kwa pamoja. Kwa kisa cha Misri ya mwaka 250, liandike Aurelius kwenye mikataba na mashauri ya mahakamani, lakini sokoni na nyumbani waache watu waitane kwa majina yao ya Kimisri na ya Kigiriki.