Barua kwa mwanangu: Sinza haikujengwa kwa ajili ya Chuo

Mwanangu,

Umeniuliza kama kweli Sinza ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mbona Manzese, jirani kabisa, haifanani nayo. La kwanza si kweli. La pili ndilo lenye mambo.

Chuo kilianza 1961 pale Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964. Sinza ilikuja baadaye, na waliopanga hawakuwa wakiwafikiria wasomi. Miaka ya 1960 Serikali ilikuwa ikibomoa vibanda na kujenga nyumba mpya kupitia Shirika la Nyumba. Gharama zikaishinda. Miaka ya 1970 ikageuza mwendo: kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa viwanja, na Manzese, ambako watu walikwishajaa, nyumba zikaachwa zisimame, barabara na maji vikapenyezwa palipopitika.

Kwa hiyo Sinza bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, ziliwekwa kabla ya mtu kuchimba msingi, na hadi leo gari la kunyonya maji taka linafika karibu kila mlango. Manzese kuna vichochoro ambavyo hata jeneza hupitishwa kiubavu.

Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Wapo waliokopa Benki ya Nyumba, lakini wengi walijenga kwa kudunduliza: chumba kimoja kikiezekwa familia inahamia, watoto wanalala ubavuni mwa mifuko ya saruji. Nyumba zenyewe unazijua, korido katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Nyumba ya namna hiyo inavuta mpangaji hata kama mwenyewe hakukusudia. Wanafunzi walipozidi vitanda vya mabweni, wakavuka barabara, vyumba vya uani vikawa mageto.

Wengi waliogawiwa viwanja wameshauza, na wanunuzi wanapandisha maghorofa na baa. Watu husikitika kwamba maskini wamesukumwa nje. Mimi nasema angalau walikuwa na hati ya kuuzia.

Na hao wanaokuambia Chuo ndicho kilichoinyoosha Sinza, waulize mbona Changanyikeni, iliyo mgongoni kabisa mwa Chuo, watu walijijengea bila kupimiwa na njia zake zinapinda hadi leo.

Baba yako