Meza ya Kipadang: sahani zinajaa bila kuagiza, lakini unalipa ulichokula tu

Mkuu, umeuliza mambo matatu kuhusu migahawa ya Kipadang huko Indonesia: sahani zote wanazokujazia mezani unazilipia? Chakula ni halali? Na watoto wasiokula pilipili watapata nini? Nimesoma Jakarta, na likizo nilikuwa navuka kwenda Sumatra Magharibi, kwenye mji wa Padang, asili ya chakula hiki, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyala.

Tuanze na bili maana ndiyo inayotisha wageni. Mtindo wenyewe unaitwa hidang. Ukishakaa tu, mhudumu anakuja na sahani ndogondogo zimepandana mkononi mpaka karibu na bega, anazishusha mbele yako moja moja: nyama, kuku, samaki, mayai, mboga, sambal (pilipili ya kusaga). Menyu haipo na wewe hujasema neno. Kula unachotaka. Usichogusa kinarudi kabatini, halafu mwisho anakuja na kikaratasi anahesabu kilichopungua. Sahani ikiwa na vipande viwili vya nyama ukala kimoja, unalipa kimoja. Mchuzi niliouchota kidogo kuonjea wali sijawahi kudaiwa. Lakini kipande ukishakimega ni chako, kwa hiyo kaa karibu na watoto, wasidonoe kila sahani. Na kama hutaki kitu, mwambie akirudishe mapema. Hakuna atakayenuna.

Macho yawe kwenye kichwa cha samaki cha mchuzi na kamba wakubwa. Bei yake haifanani na ya majirani zake mezani, na vitatua hapo kimya kimya kama vingine. Uliza kabla: "Ini berapa?", yaani hii bei gani? Basi.

Ukiwa peke yako achana na hidang kabisa. Nenda kwenye kabati la kioo pale mbele, onyesha kidole, wakupakulie wali na kitoweo kimoja, majani ya muhogo na mchuzi juu yake. Utashiba kwa pesa kidogo. Ukisema "bungkus" wanakufungia uondoke nacho, na wali wa kufungiwa huwa mwingi kuliko wa kula palepale. Wanafunzi tuliishi kwa siri hiyo, ingawa sidhani kama ilikuwa siri.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni saa. Vyakula hivi hupikwa asubuhi na kukaa kabatini vimepangwa, havipashwi kila mteja akija. Nenda saa tano au saa sita mchana, vitu bado vina uhai. Saa mbili usiku mafuta yameshaanza kuganda juu ya mchuzi na vipande vizuri vimeondoka.

Halali usiwe na wasiwasi. Waminangkabau, wenye chakula hiki, ni Waislamu. Nguruwe hayumo na bia hutaiona. Ni watu wa kusafiri kutafuta maisha, ndiyo maana mgahawa wao utaukuta karibu kila mji wa Indonesia, mingi ikiwa na paa lililochongoka pembeni mithili ya pembe za nyati. Ramadhani mchana mingi hufungwa au hushusha pazia. Mhudumu mwanamume muite "Uda", mwanamke "Uni", yaani kaka na dada kwa kwao. Utaona sura inavyobadilika.

Sasa chakula. Kila mtu atakwambia rendang, na ni kweli. Nyama ya ng'ombe inachemka kwenye tui la nazi na pilipili, tangawizi, mchaichai, majani ya mmanjano na vitunguu kwa saa nyingi, mpaka tui linakauka, mafuta yanajitenga, na nyama inaanza kujikaanga humo humo. Ikitoka nyeusi na kavu ndiyo yenyewe, na inakaa siku nyingi bila friji. Ikiwa bado ya kahawia na rojo zito, hiyo ni kalio, hatua ya kabla. Jakarta mara nyingi utaletewa kalio ukiambiwa rendang. Ni tamu, lakini ujue.

Mimi lakini naenda kwa ajili ya tunjang, kongoro laini kabisa kwenye mchuzi wa tui wa manjano. Kama umezoea supu ya makongoro asubuhi, hapa utaona wenzetu wamefika mbali. Kuna pia ubongo, mapafu yaliyokaangwa makavu, na tambusu, utumbo uliojazwa mayai na tofu. Majani ya muhogo hawayatwangi kama sisi kisamvu; wanayachemsha mazima, wanayakamua, unachovya kwenye sambal ya pilipili mbichi. Fenesi changa la mchuzi usiliruke.

Ukifika Bukittinggi, mji wa huko huko Sumatra Magharibi, nenda sokoni Los Lambuang ukale nasi kapau, wali na vitoweo vya mtindo wa Kapau. Hapo muuzaji, aghalabu mama, anakaa juu, masufuria yamejipanga chini yake, naye anachota kwa upawa wa mpini mrefu. Hakuna sahani za kujaza meza, unataja unachotaka. Kwangu hicho kinaishinda migahawa yote mikubwa ya Jakarta.

Kabakuli ka maji chenye kipande cha ndimu ni cha kunawia, si cha kunywa. Mkono wa kulia. Kijiko wanatoa ukiomba.

Watoto: wape ayam pop, kuku mweupe aliyechemshwa na viungo kisha akapitishwa kwenye mafuta kidogo; pilipili yake huja pembeni, iondoe. Ongeza perkedel, yaani kachori za viazi, na telur dadar, mayai ya kukaanga mazito, ila hayo uliza kwanza kama ni "pedas", yaani makali, kuna wanaotia pilipili ndani. Wali mweupe ukiisha sema "tambah", wanaleta mwingine.