Maswali ya Wasomaji: Maelezo ya Amri za Vifupisho

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu tunachapa nyaraka kwa Emacs (programu ya kuhariri maandishi), nami nimeagizwa kuwaandikia wenzangu maelezo ya Kiswahili ya amri za vifupisho, yaani herufi chache ambazo Emacs huzigeuza kuwa maneno kamili. Nimeziorodhesha zote pamoja na vitufe vyake, lakini bado wanachanganya C-x a g na C-x a i g (C ni kitufe cha Ctrl, kinachoshikiliwa wakati wa kubonyeza x). Nirekebishe wapi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, orodha ya vitufe haitoshi, kwa sababu amri hizo mbili hufanya kazi ileile zikianzia pande tofauti, na upande huo ndio unaopaswa kutajwa katika sentensi ya kwanza ya kila amri. C-x a g huchukua kilichokwisha kuchapwa nyuma ya kishale (alama ya mahali pa kuchapa) kuwa kirefu, yaani maneno kamili, kisha huuliza kifupisho. C-x a i g huchukua neno lililo nyuma ya kishale kuwa kifupisho, kisha huuliza kirefu chake.

Baada ya hapo weka mfano wa ofisini. Aliyekwisha kuchapa "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" atabonyeza C-u 5 C-x a g, kwa kuwa maneno ni matano, kisha ataandika jmt. Asipotaja hiyo 5, Emacs itachukua neno la mwisho peke yake, na kila jmt itageuka "Tanzania". Kwa wasiopenda kuhesabu maneno (na sioni kwa nini wahesabu), waeleze kwamba C-u 0 huchukua sehemu yote iliyoteuliwa.

Usiache suala la herufi kubwa, maana ndilo litakalokuletea malalamiko. Mtu akichapa JMT, Emacs huanza kila neno la kirefu kwa herufi kubwa, na barua hutoka na "Jamhuri Ya Muungano Wa Tanzania", jambo ambalo hakuna katibu muhtasi atakayelivumilia. Waagize wachape jmt kwa herufi ndogo.

Mwanzoni kabisa taja kwamba kifupisho hakifunguki chenyewe mpaka abbrev-mode, hali ya Emacs ya kufungua vifupisho, iwe imewashwa. M-/ (M ni kitufe cha Alt) iwekee ukurasa wake, kwa kuwa yenyewe haitegemei vifupisho vilivyosajiliwa, bali hukamilisha neno kwa kutafuta maneno yaliyomo katika maandishi yaliyofunguliwa. Kirefu kilichojitokeza pasipotakiwa huondolewa kwa M-x unexpand-abbrev, mradi kiwe ndicho cha mwisho kufunguliwa.