Mwanangu, kabla hujajisajili tena

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Umeuliza: "Mama, majina ya waliopita mtihani wa ajira serikalini yametoka na langu halimo tena. Nijisajili mwakani, au nikubali tu kwamba sina akili ya mtihani huu?" Ukaniomba nisikupe pole, nikupe jibu. Jibu langu ni kwamba ujisajili, mara moja zaidi, ila usiurudie mtihani huo kwa njia uliyoizoea, na usiurudie ukiwa umekaa bure bila shughuli nyingine. Masharti hayo mawili ndiyo yenye uzito, kwa hiyo nisikilize hadi mwisho.

Nianze na hilo la akili. Shuleni ulizoea mtihani wenye alama ya kufaulu. Ukiifikia umepita, na darasa zima linaweza kupita pamoja. Mtihani wa ajira serikalini hauendi hivyo. Nafasi zinajulikana, watu wanapangwa kuanzia wa kwanza, na nafasi zinapoisha mstari unakatwa. Kule India wanaojiandikisha kwa mtihani wa tume ya utumishi ya taifa huwa karibu milioni moja kwa mwaka, wakigombea nafasi zipatazo elfu moja. Hebu fikiri ni wangapi kati yao wangeimudu kazi ile vizuri kabisa. Mtihani wa namna hiyo unakuambia siku ile, kwa maswali yale, ulisimama wapi kwenye foleni. Haujui kitu kingine juu yako. Ndiyo maana nakukataza kusema huna akili. Lakini kwa sababu hiyohiyo sitaki pia useme "mbona nilisoma kwa bidii", maana waliokutangulia nao walisoma kwa bidii. Bidii kila mtu anaingia nayo ukumbini.

Kwenye barua yako neno "nimeshindwa" limejirudia kila aya, ila hujaandika popote umeshindwa wapi. Toa matokeo yako yote ya nyuma, uyapange mezani. Tazama ni hatua gani inakuangusha: mchujo, karatasi za kuandika, au mahojiano. Anayeangukia kwenye mchujo mara nyingi ana mapengo katika mada au ni mzito wa kasi. Anayeangukia kwenye karatasi za kuandika huenda anajua mengi ila hajui kujibu. Anayefika kwenye mahojiano na kukosa kwa alama chache hana sababu ya kubomoa chochote, ajinoe tu. Ninavyokumbuka mimi, siku hizi mchujo unaupita, unakwama kwenye kuandika. Kama ni hivyo, mwanangu, kununua vitabu vingine na kukusanya madesa mapya hakutakusaidia. Ujuzi unao. Kinachokosekana kiko kwenye mkono na kwenye saa.

Hapo nina la kusema, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kusahihisha karatasi za watahiniwa. Chukua swali kama "Tathmini mchango wa serikali za mitaa katika kutoa huduma za jamii." Mtahiniwa aliyesoma sana anafurahi kuliona. Anaanza na maana ya serikali za mitaa, anaingia kwenye historia yake, aina zake, muundo wake, majukumu yake. Ukurasa wa tatu unaisha na bado hajatathmini kitu. Msahihishaji ana mwongozo mbele yake, na kwenye mwongozo ule historia haina alama, au ina alama moja. Swali linataka aseme ni huduma zipi zimewafikia watu na zipi hazijawafikia, anapima kwa kipimo gani, kikwazo ni fedha au watumishi au mamlaka, na mwishowe yeye mwenyewe anahukumu vipi. Kurasa tatu za kweli tupu, na alama saba kati ya ishirini na tano. Nimeziona karatasi hizo nyingi mno, na kila mara niliumia, kwa sababu nilijua aliyeandika atatoka ukumbini akiamini amefanya vizuri, halafu majina yakitoka atasema ameonewa.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, pigia mstari kitenzi cha swali. "Eleza" si "jadili", na "jadili" si "tathmini". Andika pembeni hoja nne au tano zinazojibu kitenzi hicho. Hoja isiyokijibu, hata kama umeikesha usiku mzima, iache.

Kisha kuna suala la muda. Karatasi ya saa tatu yenye maswali manne ya alama sawa inakupa dakika 45 kwa swali. Ukitumia saa nzima kwenye swali unalolipenda, umelikopa la mwisho robo saa. Kulipandisha jibu zuri kutoka alama 18 hadi 20 ni kazi ngumu. Kulitoa swali ambalo hujaligusa kutoka sifuri hadi alama 10 ni kazi ya dakika ishirini, kwa mtu aliyesoma kama wewe. Dakika 45 zikifika, acha nafasi, nenda mbele, hata kama sentensi imekatika. Najua inauma kuacha jibu likiwa tamu. Acha tu.

Sasa namna ya kusoma. Unaniambia unapiga msuli saa kumi kwa siku, unarudia vitini mpaka unaviona ukifumba macho. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo ningependa kila mtahiniwa alijue. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fulani mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40 ya habari ile, na waliojipima asilimia 61. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukirudia kitini kinazoeleka, na kuzoeleka kunafanana sana na kujua, mpaka siku karatasi nyeupe inapowekwa mbele yako. Funga kitini. Andika unachokumbuka. Fungua uone ulichoacha. Kisha irudie mada hiyo baada ya siku moja, baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Saa kumi za kusoma zipunguze. Saa nne za namna hii zitakuchosha kuliko zile kumi, na zitakufaa kuliko zile kumi. Mara moja kwa wiki fanya karatasi nzima ya mtihani uliopita, ukiwa na saa, bila kitabu, bila simu, na asahihishe mtu mwingine. Uwe na daftari la makosa, na kila kosa uliandikie sababu yake: sikujua, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya, au muda uliniishia. Baada ya mwezi utaona sababu moja imezijaza kurasa kuliko nyingine zote, na hiyo ndiyo ya kushughulikia.

La mchujo ni dogo, nilipite haraka. Soma maelekezo uone kama jibu baya linakatwa alama. Kama kila swali lina majibu manne na kosa linakata theluthi moja ya alama, kubahatisha bila kujua lolote hakukupi wala hakukunyang'anyi kitu ukihesabu maswali mengi. Ila ukiweza kuondoa hata jibu moja kwa uhakika, hesabu inakuwa upande wako, basi jibu.

Umeandika pia, kwa sauti ya chini, kwamba pengine nafasi zina wenyewe. Siwezi kukuapia kwamba hakuna popote mtu aliyewahi kubebwa. Ninachojua ni kwamba mitihani hii ilibuniwa kuupunguza ubebaji huo. Uchina iliitumia kuchagua maofisa kwa takriban miaka 1,300, mpaka ilipofutwa mwaka 1905. Uingereza, ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilitaka watumishi wa serikali wapatikane kwa mtihani wa ushindani badala ya kujuana. Mtoto wa mtu asiye na jina ana nafasi nzuri zaidi kwenye karatasi yenye namba kuliko kwenye ofisi ya mkubwa yeyote. Zaidi ya hapo, wazo hilo halina mahali unapoweza kulifanyia mazoezi, na saa unazotumia kuliwaza unaziondoa kwenye kazi.

Nilisema ujisajili mara moja zaidi, na nilimaanisha moja. Kule India wasio katika makundi yenye nafuu maalumu huruhusiwa kujaribu mara sita tu, na umri ukomo wao ni miaka 32. Kama mtihani wako haukuwekei mpaka, jiwekee mwenyewe, na uuweke leo, kwa maandishi, kabla hujafungua kitabu. Ukingoja mpaka matokeo yatoke, utaanza kuhesabu miaka uliyokwisha kuitoa na kuona haya kuiacha. Miaka hiyo imekwisha kulipwa, mwanangu. Haikudai mwaka mwingine.

Na tafuta kazi sasa, yoyote halali inayokuachia jioni. Najua unaogopa itakula muda wa kusoma. Itakula kiasi, ndiyo, lakini itakurudishia usingizi na watu wa kuzungumza nao, na mtu asiyetegemea karatasi moja kwa kila kitu haitetemeki mikono akiiandika. Kulikuwa na Mchina mmoja, Pu Songling, aliyezaliwa mwaka 1640. Alipita ngazi ya kwanza ya mitihani ya ufalme akiwa kijana, kisha akakwama kwenye ngazi ya mkoa kwa miongo mingi. Wengi humtaja wanapohubiri subira. Mimi ninachokitazama ni kwamba miongo hiyo hakuikalia mlangoni: alifundisha watoto wa watu nyumbani kwao akalisha familia yake, na aliandika hadithi ambazo zinasomwa hata leo. Cheo alichokuja kupewa uzeeni hakuna anayemkumbuka kwacho.

Kuhusu aibu unayoisema mbele ya wadogo zako, wao wanakuuliza utakuja lini, hawaulizi majina yametokaje. Baba yako vilevile.

Usinijibu kwa maneno. Chagua swali moja ulilowahi kuliogopa, jipe dakika 45, liandike kwa mkono bila kitini, unitumie hivyohivyo hata likiishia katikati ya sentensi. Nitalisahihisha kama la mtahiniwa nisiyemjua, na pembeni nitakuandikia kila alama nimeitoa wapi na nimeikata kwa nini. Ukishalipata, tuma jingine wiki inayofuata.

Mama yako