Makocha watatu, magoti mawili

*Safu ya Sista. Siku za kazi mwandishi ni muuguzi wa zahanati mjini Nakuru. Wikendi hubeba mkoba wa huduma ya kwanza pembeni mwa uwanja wa raga, kazi ambayo ameifanya kwa miaka 17.*

Sista, salamu kutoka Kakamega. Mwanangu ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuoni, na ni namba saba, yaani flanka, fowadi wa ubavuni anayegongana kuliko wengi. Jumamosi anachezea klabu, Jumatano anachezea chuo, na raga ya wachezaji saba ikianza hatumwoni nyumbani. Sasa ameitwa kambi ya vijana ya taifa. Kocha wa klabu anasema akikosa mechi asahau nafasi yake. Chuoni wanamkumbusha kwamba ada yake inalipwa kwa sababu ya raga. Yule wa kambi anamtaka akiwa fiti. Goti la kushoto limevimba tangu Pasaka, na juzi nimemfumania akimeza vidonge vya maumivu kabla ya mechi. Kati ya hawa watatu, ni nani mwenye haki juu yake? Na mimi mama yake nina sauti gani? – Mama wa Namba Saba

Mama, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye matatu, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Tuanze na goti, maana makocha wanaweza kungoja.

Goti lililovimba tangu Pasaka halitibiwi kwa plasta. Muulize: je, linakwama? Linamwachia akishuka ngazi? Na siku ile alipoumia, lilivimba baada ya saa chache au aliamka nalo kesho yake? Likivimba baada ya saa chache tu, mara nyingi ni damu imeingia ndani ya kiungo, na mimi huanza kushuku ligamenti. Lakini hata akikujibu vizuri yote hayo, mpeleke kwa daktari wa mifupa. Usimpeleke kwa jamaa wa kukanda. Najua yupo mmoja karibu nanyi, kila mji una wake, na wote wana mikono ya chuma. Vidonge navyo avikomeshe kabisa kabla ya mechi. Maumivu ni mlinzi wa usiku. Ukimlaza kwa dawa, huwezi kumlaumu mwizi. Isitoshe, dawa nyingi za aina hiyo zikimezwa na mtu anayetoka jasho juani dakika 80, figo zinaumia pia, na figo hazivimbi tukaona.

Sasa hesabu. Katika ile sehemu ya barua tuliyoikata kwa sababu ya urefu, umeniambia kwamba msimu uliopita alicheza mechi 14 za klabu na 6 za chuo, kisha wikendi nne za raga ya wachezaji saba, mechi tano kila wikendi. Hizo ni mechi 40. Niliposoma 40 nilishtuka, kwa sababu kule Uingereza, ambako watu wanalipwa mishahara kwa kazi hii, kikomo cha mechi kwa msimu kilishushwa mwaka 2024 kutoka 35 hadi 30.

Lakini nisikutishe bure. Mechi ya wachezaji saba kila upande ni dakika 14 tu. Ishirini zake ni dakika 280, yaani mechi tatu na nusu za kawaida. Ukijumlisha zote anapata dakika 1,880, sawa na mechi 23 na nusu. Kwa karatasi, mwanao hajavuka hata kikomo cha Waingereza. Kila kocha kati ya wale watatu akikuambia kwamba hamchezeshi kupita kiasi, anakuambia kweli.

Nilikwama hapo jioni nzima, mpaka nikarudi kwenye ratiba yake ya mazoezi. Klabu ni Jumanne na Alhamisi. Chuo ni Jumatatu na Ijumaa, kwa sababu Jumatano wana mechi. Mwaka 2021 World Rugby, shirikisho la raga la dunia, pamoja na chama cha wachezaji wa kimataifa walitoa mwongozo kuhusu mazoezi: yale ya kugongana kwa nguvu zote yasizidi dakika 15 kwa wiki nzima, yagawanywe katika siku zisizozidi mbili, na Jumatatu na Ijumaa pasiwe na kugongana huko hata kidogo. Jumatatu mwili unapona, Ijumaa unajiandaa. Yale ya kugongana kwa kipimo yapewe dakika 40, skramu (mafowadi wakisukumana) na lainauti (kurukia mpira unaorushwa kutoka pembeni) dakika 30.

Tuseme basi kocha wa klabu ni mwungwana na anawagonganisha dakika 15. Wa chuo naye ni mwungwana, dakika 15 zake. Mwanao tayari ana 30, na nusu ya hizo zimeangukia siku ambazo hakupaswa kuguswa. Kambi ikiongeza zake anafika 45. Hakuna kocha aliyekosea, na goti limevimba. Kila mmoja ana daftari lake, na hakuna aliyewahi kufungua la mwenzake. Nimewaona makocha wawili wa kijana mmoja wakisimama pamoja pale kwenye Prinsloo, mashindano ya wachezaji saba hapa Nakuru, wakila mahindi choma, wakibishana kuhusu mpira wa Uingereza, wala jina la yule kijana halikutajwa.

Na sijaongeza safari. Mashindano ya wachezaji saba yakiwa Mombasa, kutoka kwenu ni zaidi ya kilomita 800 ndani ya basi, usiku kucha, goti limekunjwa nyuma ya kiti cha mtu aliyekiegemeza nyuma kabisa. Dakika hizo haziandikwi popote. Dala, yale mashindano ya Kisumu, ikichezwa angalau atalala kwako.

Umeuliza haki ni ya nani. Kanuni ya 9 ya World Rugby inalazimisha klabu kumwachilia mchezaji anayeitwa na taifa katika vipindi vilivyotengwa, kwa hiyo kocha wa klabu asimtishe kwa sababu ya kambi. Hata hivyo kanuni hiyo inahusu mchezaji kuachiliwa. Haimwamuru mtu mwenye goti bovu akakimbie. Aripoti kambini na barua ya daktari mkononi, na aitoe siku ya kwanza kabla ya kuvaa viatu. Vijana huogopa hapo, wanadhani barua itawafukuzisha. Kwa niliyoyaona, anayefukuzwa mara nyingi ni yule aliyeficha, akaanguka siku ya tatu peke yake bila kuguswa na mtu.

Kuhusu ada, mwambie aombe masharti kwa maandishi. Mara nyingi inapofika kwenye maandishi, lile sharti la kucheza hata ukiwa umeumia halipo. Lilikuwa mdomoni mwa mtu tu.

Na sauti yako, Mama? Ana miaka 19, huwezi kumsainia. Ila nunua daftari la kurasa 96. Kila usiku aandike: leo nimegongana dakika ngapi, nimelala saa ngapi, goti likoje kuanzia 0 hadi 10. Wiki tatu zikipita, apige picha kurasa hizo kwa simu na kuwatumia makocha wote watatu kwa ujumbe mmoja, ili kila mmoja aone majina ya wenzake pale juu. Nimewahi kumshauri hivyo kijana wa hapa kwetu. Kocha mmoja alinuna mwezi mzima. Wawili walipigiana simu usiku ule ule.

Sista, sisi watu wa Kisumu tumebishana pale Dunga mpaka samaki akapoa. Mimi nasema kocha mkali ndiye huleta kombe, na Eddie Jones, aliyekuwa kocha wa Uingereza, aliponzwa na Waingereza walaini. Rafiki yangu naye anasema Afrika Kusini walidanganya mwaka 2023 kwa kujaza mafowadi, wale wazito wa mbele, benchi. Tuamulie, kuna dau. – Shabiki wa Mamboleo

Ndugu yangu, kumwacha samaki wa Dunga apoe ndilo kosa la kwanza.

Jones alileta makombe, hilo nakupa. Aliwapa Uingereza Six Nations (mashindano ya mataifa sita ya Ulaya) ya 2016 na ya 2017, akawafikisha fainali ya Kombe la Dunia 2019. Lakini sikiliza na upande wa mkoba wangu. Oktoba 2016, kambini Brighton, flanka wa klabu ya Wasps aitwaye Sam Jones alivunjika mguu katika kipindi cha judo. Judo! Alistaafu mwaka 2018 akiwa na miaka 26, hajawahi kuchezea taifa hata mechi moja. Mwaka huo huo propu (fowadi wa safu ya mbele) wa klabu ya Bath, Beno Obano, akaumia goti vibaya katika kambi nyingine, na mwenye klabu, Bruce Craig, akalalamika hadharani. Ni ugomvi ule ule wa Mama wa Kakamega hapo juu, tofauti ni kwamba huko watu wana mawakili. Klabu inalipa mshahara, taifa linaazima mchezaji, kisha linamrudisha kwa magongo.

Wala hakufukuzwa kwa ajili ya ulaini wa mtu. Mwaka 2022 timu yake ilishinda mechi 5 kati ya 12, na Desemba akaonyeshwa mlango. Mwezi uliofuata Australia wakamchukua. Akaenda Kombe la Dunia bila wakongwe Michael Hooper wala Quade Cooper, akapigwa 40-6 na Wales pale Lyon, na Australia wakatolewa hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kama ni dau la ukali, hapo umeshapoteza soda.

Rafiki yako naye asicheke. Benchi la raga ya kimataifa lina watu wanane, na sheria haisemi wangapi wawe mafowadi, mradi wa safu ya mbele ya skramu wawepo. Wengi huweka watano na watatu wa nyuma. Agosti 2023, pale Twickenham (mimi naishi London, lakini ile ya Nakuru, kwa hiyo niliangalia kwa televisheni), Willie le Roux wa Afrika Kusini, mchezaji wa nyuma, aliondolewa dakika za mwisho kabla ya mechi, nafasi yake kwenye benchi akapewa fowadi Kwagga Smith, ikawa saba kwa mmoja. New Zealand wakala 35-7. Fainali ya Kombe la Dunia, Oktoba, Afrika Kusini wakarudia saba kwa mmoja, wakashinda 12-11.

Waliokasirika walisema ni hatari kuwaingiza mafowadi wabichi saba juu ya watu waliochoka. Ni hoja, siipuuzi. Majeraha mengi ninayoshughulikia ni ya dakika za mwisho, wakati shingo imechoka na kichwa kinaenda mahali pabaya. Lakini ukitazama fainali ile vizuri, hatari iliwaangukia wao wenyewe. Huka wao (fowadi wa katikati ya safu ya mbele), Bongi Mbonambi, alitoka dakika za mwanzo kabisa. Akaingia Deon Fourie, ambaye siku hizo alikuwa akicheza zaidi kama flanka, mtu wa miaka 37, akabeba kazi ya huka karibu mechi nzima. Karibu kila fowadi mwenzake alipata kupumzishwa, yule mzee hakupata. Mimi macho yangu yalikuwa kwake tu, nikihesabu anavyochelewa kuinuka kila baada ya skramu. Walicheza kamari kwa mwili wa mtu mmoja na ikawaingia. Hawakudanganya, kwa hiyo wote wawili mmeshindwa. Soda nitumieni mimi.

Sista, fowadi wangu aligongwa kichwa Jumamosi. Alisimama akaniuliza tunacheza na nani. Jumapili alikuwa mzima kabisa. Nusu fainali ni wiki hii na nina wachezaji 18 tu. Anaweza kuingia dakika 20 za mwisho? – Kocha wa wikendi, Nakuru

Hapana.

Kwa raga kama yetu, isiyo na daktari bingwa wa kumfuatilia kila siku, World Rugby wanasema mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na kabla ya hapo awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote ndipo aguswe mazoezini. Wewe umeniletea siku saba. Kule kuuliza mnacheza na nani ndiyo dalili yenyewe, na alipaswa kutoka uwanjani dakika ile ile. Kuwa mzima Jumapili hakufuti kitu.

Miaka mingi iliyopita, klabu nisiyoitaja, nilimtoa kijana nje na kocha akamrudisha. Aliniambia mimi ni wa plasta. Kijana alifunga trai, tukashangilia, mimi pia nilishangilia, Mungu anisamehe. Kwenye basi akaniuliza matokeo. Nikamwambia. Tulipofika Gilgil alikuwa ameniuliza mara tano, na ya sita alitapika. Alilazwa siku mbili. Leo ni fundi wa magari, ana watoto, hana neno. Ila ile trai anaionea kwenye simu za watu tu. Yeye haikumbuki.

Kocha, cheza na 17. Jumamosi nitakuwa uwanjani NAC (Nakuru Athletic Club) upande wa geti, na mkoba mwekundu. Huyo kijana akivua trakisuti nitaingia uwanjani kabla yake.