Maswali yenu ya chokaa na nyumba za mawe

Nimeona picha ya kisiwa cha Lindisfarne kule Uingereza, kuna ukuta mkubwa wa mawe una matao kama ngome. Ni gereza? (Igogo)

Hapana, hayo ni matanuri ya chokaa, ngome iko pembeni yake. Yalijengwa miaka ya 1860, jiwe la chokaa likichimbwa kaskazini mwa kisiwa na farasi wanavuta mabehewa mpaka kwenye tanuri, makaa ya mawe yanakuja na meli kutoka Dundee, mji wa bandari wa Skotlandi, na meli hizo hizo zinarudi na chokaa. Jiwe na makaa vinamwagwa juu kwa tabaka, moto ukipanda kama nyuzi 900 jiwe linageuka chokaa hai, yaani ambayo bado haijazimwa kwa maji, inatolewa chini kwenye yale matao. Watu wa Kilwa na Unguja walikuwa wanachoma matumbawe juu ya rundo la magogo karne nyingi kabla ya hapo, hilo hamniulizi.

Naweza kuchoma mawe ya hapa Mwanza nipate chokaa? (Nyegezi)

Hapana! Nimeshajibu hili mara ngapi jamani, mawe yetu ni itale (graniti), si jiwe la chokaa, choma mpaka kesho utapata jiwe la moto tu.

Nyumba ya marehemu babu ni ya mawe, ya zamani sana, lipu inadondoka. Fundi anataka tupige simenti. (Kirumba)

Msimamishe kwanza. Chukua msumari ukwangue kati ya jiwe na jiwe, ukitoka unga mweupe laini hiyo ni chokaa, na ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia unatoka. Simenti ni ngumu inauziba, maji yanabaki ndani yanatafuta pa kutokea, kuna ukuta hapa mjini niliuona lipu imebanduka vipande vikubwa kama sahani na nyuma yake imeng'oa ngozi ya jiwe. Rudishia chokaa na mchanga, piga nyembamba nyembamba, lowanisha ukuta kabla, na usiikaushe haraka kwa jua letu hili maana chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa polepole. Na fundi akikwambia "chokaa ni ya kupaka tu" tafuta mwingine, misikiti ya Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa chokaa na kuta zake mpaka leo zipo.

Chokaa hai naizimaje? (Buswelu)

Tanguliza maji mengi kwenye pipa la chuma halafu chokaa kidogo kidogo, usigeuze mpangilio huo ukamwagia chokaa maji, maana inachemka na kuruka, na ndoo ya plastiki inayeyuka. Vaa miwani na glavu. Watoto wasisogee kabisa, tone moja jichoni linaweza kupofua, likiingia osha na maji safi mengi hapo hapo huku unakimbilia hospitali.